Enseti: Mgomba Usioliwa Ndizi na Hati za Historia Yake

Katika Kiswahili mgomba na ndizi ni maneno mawili yaliyogawana kazi. Mgomba ni mmea, na ndizi ni tunda lake. Mtu hupanda mgomba na kula ndizi, wala hakuna asemaye kwamba amekula mgomba. Mgawanyo huo wamtosha mwenyeji wa Unguja, Tanga, Moshi au Bukoba, kwa kuwa kwake faida ya mmea iko juu, katika mkungu. Lakini katika nyanda za juu za kusini na kusini-magharibi mwa Ethiopia, nchi iliyojulikana zamani kwa Waswahili kwa jina la Uhabeshi, uko mmea uliofanana na mgomba hata mgeni hudanganyika, na wenyeji hawali tunda lake kabisa. Wao hula shina lake, pamoja na tunguu lililofichwa ardhini. Mmea huo ni enseti. Yakisiwa kuwa watu wapatao milioni 20 huutegemea kwa chakula, na miongoni mwao wamo Wasidama, Wagurage, Wahadiya, Wakambata, Wagedeo, Wawolayta, Wagamo na Wakafa.

Juu ya wingi huo wa watu, enseti haina nafasi kubwa katika vitabu vya historia. Habari za Ethiopia zimeandikwa zaidi kwa kufuata wafalme, makanisa, vita na nafaka. Nao mmea huu haukuwa wa wafalme, wala si nafaka. Basi mwenye kutaka kujua habari zake za kale hana budi kuuliza hati zake ziko wapi. Jibu laelekea kuwa hili: hati za enseti zi hai. Ni aina za mmea wenyewe zipandwazo katika viunga vya nyumba, na majina ambayo watu wamezipa aina hizo katika lugha zao. Kwa hiyo kazi ya mwanahistoria na kazi ya mtaalamu wa lugha hukutana hapa katika shamba moja.

Kabla ya kuendelea yafaa kueleza jinsi mmea wenyewe ulivyo, kwa maana bila ya kulijua hilo hoja yenyewe haitafahamika. Mgomba wa ndizi ukikomaa huotesha machipukizi kandoni mwake. Mama akifa, watoto hubaki. Enseti haifanyi hivyo kwa hiari yake. Huota shina moja, huchanua mara moja, huzaa matunda makavu yaliyojaa mbegu nyeusi ngumu, kisha hufa. Ili kupata miche, mkulima hukata mmea mchanga karibu na ardhi, hulichimbua tunguu lake, hutoboa kitovu chake, yaani mahali pale penye kuchipua, halafu hulifukia tena pamoja na samadi. Baada ya miezi michache hutokea machipukizi makumi kwa makumi, na pengine zaidi ya mia, kutoka katika tunguu moja. Machipukizi hayo hung'olewa na kupandwa mahali pengine, kisha huhamishwa tena, mara mbili au tatu, na kila mara hupewa nafasi iliyo kubwa zaidi. Hata mmea ukomae hupita miaka minne mpaka saba au zaidi, kwa kadiri ya baridi ya mahali.

Wakati wa kuvuna ni karibu na kuchanua, maadam wanga uliowekwa akiba kwa miaka mingi haujatumika bado kwa ua na mbegu. Kazi ya kutengeneza chakula ni ya wanawake. Maganda ya shina hutenganishwa moja moja, huegemezwa juu ya ubao uliosimamishwa kwa kuinama, na kukwanguliwa kwa kipande cha mwanzi mpaka nyama yake iachane na nyuzi. Tunguu hupondwa kwa chombo chenye meno. Majimaji yakamuliwayo huachwa yatulie, na mashapo yake ni unga mweupe uitwao bula, ulio bora kuliko vyote. Machicha hufukiwa katika shimo lililotandikwa majani ya enseti yenyewe, yakachacha kwa majuma, kwa miezi, na pengine kwa miaka. Hiyo ndiyo kocho, ambayo hukandwa na kuokwa mkate wa bapa. Tunguu la mmea mchanga huweza pia kuchemshwa na kuliwa siku ile ile kama muhogo, na huitwa amicho. Nyuzi husokotwa kamba na kufumwa magunia. Majani huwa sahani, vifungashio, matandiko na malisho ya ng'ombe. Nao ng'ombe hulipa deni hilo kwa samadi, ambayo bila yake kiunga cha enseti hudhoofika. Kwa kuwa chakula hiki kina wanga mwingi na protini kidogo, maziwa, siagi, maharagwe na mboga za majani ndiyo mwenzake mezani.

Wageni wa kwanza kuandika habari za enseti kwa urefu walikuwa mapadre Wajesuiti wa Kireno wa karne ya 17. Mmoja wao ni Manoel de Almeida, aliyefika mwaka 1624 na kueleza jinsi mmea huu unavyofanana na mgomba wa Kihindi. Mwingine ni Jerónimo Lobo, ambaye mwaka huo huo wa 1624 alikuwa ametua Pate, akitafuta njia ya kuingia Uhabeshi kwa kupitia bara. Njia hiyo haikupatikana, naye akaingia kwa upande wa Bahari ya Shamu mwaka 1625, akakaa mpaka 1634. Lobo alitaja kwamba wenyeji waliuita mmea huu kwa sifa mbili: mti wa maskini, na mti wa kuikinga njaa. Sifa hizo mbili zimekaa pamoja tangu wakati ule, nazo hazipatani vizuri. Kwani kitu kiokoacho watu na njaa kingestahili heshima, na kitu kiitwacho cha maskini aghalabu hunyimwa.

Baada yao alikuja Mskochi James Bruce, aliyekuwa nchini toka 1769 mpaka 1771. Katika kitabu chake kilichopigwa chapa Edinburgh mwaka 1790 alichora enseti na kueleza matumizi yake. Alisema kuwa ilikuwa chakula kikubwa cha watu wa Maitsha, upande wa kusini wa Ziwa Tana, na kuwa aliambiwa mmea uliletwa huko na Waoromo kutoka Narea, nchi iliyo kusini zaidi. Ushahidi huo una thamani, maana leo katika sehemu za kaskazini enseti hupandwa zaidi kwa ajili ya majani yake, ya kufungia mkate unapookwa, wala si kwa kuliwa. Yaonekana, basi, kwamba mpaka wa enseti iliyo chakula haukuwa mahali ulipo leo. Ulikuwa mbali zaidi kaskazini, kisha ukarudi nyuma.

Bruce aliongeza jambo jingine. Aliwakanusha wale waliodhani, kwa kuona picha yake, kuwa enseti ni namna ya mgomba wa ndizi. Wataalamu wa Ulaya hawakumsikiliza. Mwaka 1791 J. F. Gmelin aliuingiza mmea katika jenasi ya migomba, akauita Musa ensete. Mwaka 1859 Friedrich Welwitsch aliandika habari za mmea wa Angola alioupa jina la Musa ventricosa, ambao baadaye ulitambuliwa kuwa ni huo huo. Mrusi Paul Horaninow alijaribu mwaka 1862 kuutenga katika jenasi yake yenyewe, lakini rai yake haikushika. Ndipo mwaka 1947 E. E. Cheesman alipoifufua jenasi ya Ensete, na tangu hapo jina la kitaalamu ni Ensete ventricosum. Enseti na mgomba ni wa ukoo mmoja, lakini ni nyumba mbili mbalimbali: kromosomu za msingi za enseti ni 9, ilhali za migomba ya ndizi zilizo nyingi ni 11. Kwa muda wa miaka 156 elimu iliuita mgomba mmea ambao wenyeji wake hawakuwa na haja ya kuufananisha na chochote.

Sababu ya kunyamaza kwa maandiko ya nchini yenyewe yapasa kutafutwa katika tofauti ya jembe na kiunga. Kaskazini ulikuwa utawala wa watu wa plau ya maksai, walaji wa tefu, ngano na shayiri, na maandishi ya Kigeezi na ya Kiamhara yalitungwa na makarani na watawa wa huko. Nafaka hupimwa, hutwaliwa ushuru, hubebwa na kuwekwa ghalani. Enseti ni nzito, ina maji, husimama kiungani na kukatwa siku nyumba inapohitaji. Si chakula kilicho rahisi kwa jeshi wala kwa ghala la mfalme. Wakati majeshi ya Menelik wa Pili yalipoishinda Wolayta mwaka 1894 na Kafa mwaka 1897, wakulima wa enseti waliwekwa chini ya askari na maofisa ambao chakula chao cha heshima kilikuwa nafaka. Tangu hapo sifa ile ya mti wa maskini ilipata nguvu ya dola nyuma yake.

Udongo nao umenyamaza. Enseti huvunwa kabla ya kuzaa, kwa hiyo mbegu zake ngumu, ambazo zingeweza kudumu, hazifiki jikoni wala jaani. Vyombo vyake ni vya mti, mwanzi na mfupa. Mashimo yake huoza na kujaa. Mwenye kuchimba magofu hubaki kutafuta fitolithi, yaani chembe ndogo ngumu kama jiwe ambazo mimea huziacha ardhini. Hata hizo zimeleta ubishi uliofika mpaka nchi za Maziwa Makuu. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba katika matope ya Munsa, magharibi mwa Uganda, zimeonekana fitolithi za mgomba wa ndizi zenye umri wa zaidi ya miaka 5,000. Wengine walitia shaka, na miongoni mwa maswali ikawa hili: je, chembe hizo zaweza kupambanuliwa kwa yakini na za enseti? Kwa maana enseti ya mwitu huota kwa asili yake katika milima ya Uganda, Kenya na Tanzania, na Waganda huiita kitembe. Hivyo historia ya ndizi katika Afrika ya Mashariki haiwezi kuthibitishwa pasipo kumjua vema ndugu yake asiyeliwa ndizi.

Maandiko yakinyamaza na udongo ukinyamaza, hubaki lugha. Wasidama huita mmea huu weese. Wahadiya na Wakambata huuita weesa. Kwa Wawolayta ni uutta, kwa Waoromo ni warqee. Kwa Kiamhara ni enset, na kwa Wagurage wa Chaha ni asat, maneno mawili yaliyo wazi kuwa ya asili moja. Fungu hili la maneno na lilinganishwe na majina ya mahindi, zao lililotoka Marekani na kufika baada ya safari za Wareno na Wahispania. Mahindi kwa Kiamhara ni bakolo, na kwa Kioromo ni boqqolloo, ingawa lugha hizo mbili si za tawi moja. Kwa Kisidama na kwa Kiwolayta pia, lugha za matawi mbalimbali, mahindi ni badala. Jina la mgeni limevuka mipaka ya lugha pamoja na mgeni mwenyewe, kama ilivyo desturi ya vitu viingiavyo kwa biashara. Jina la enseti halikuvuka hivyo. Kila tawi la lugha lina neno lake, na ndani ya tawi neno hilo hurithiwa na ndugu. Hiyo ndiyo dalili ya mmea ambao watu wameishi nao tangu kabla ya lugha zao kuachana. Haitoi mwaka, lakini yatoa utaratibu wa mambo: enseti kwanza, mahindi baadaye sana.

Dalili ya pili ni majina ya aina. Msemaji wa Kiswahili apambanuaye mkono wa tembo, kisukari, bokoboko na mzuzu anajua kuwa kila jina lina kazi yake jikoni. Katika nchi za enseti majina ya namna hii huhesabiwa kwa makumi katika kila kabila. Wasidama wanazo Gantticha, Ado, Midasho na nyingine nyingi. Wagurage husifu Astara kwa kuwalisha waliovunjika mifupa. Ipo aina ya bula nyingi, ipo ya kocho nzuri, ipo ya nyuzi imara, ipo ya kuchemshwa tu. Na kwa kuwa enseti ya shamba huzaliwa kwa tunguu, si kwa mbegu, kila aina ni mmea mmoja uliokatwa na kufukiwa mara zisizohesabika; kilicho kiungani leo ni mwili ule ule alioupanda babu wa babu. Hati ya karatasi hunakiliwa na mwandishi na huweza kukosewa. Hati hii hunakiliwa na ardhi yenyewe, na mkono wa mwanadamu huilinda tu na kuitaja jina.

Lakini aina mpya hutoka wapi, ikiwa mbegu haipandwi? Mtaalamu wa Kijapani Masayoshi Shigeta, katika utafiti alioutangaza mwaka 1990, alionyesha kwamba Waari wa kusini-magharibi huziacha enseti za mwitu katika mahali pa ibada ambapo ni mwiko kukata. Huko mimea huchanua na kuzaa kwa mbegu, ikachanganya damu yake na ile ya mashambani. Mwiko wa dini, kumbe, ulikuwa pia ghala la aina.

Sifa ya kuikinga njaa nayo ina ushahidi, pamoja na mipaka yake. Wachunguzi waliokusanya habari zao katika taarifa ya mwaka 1997 walikisia kwamba mimea 40 mpaka 60, katika eneo la mita za mraba 250 mpaka 375, yatosha kulisha watu watano au sita. Mmea wa miaka mingi haufi kwa msimu mmoja wa mvua haba, husimama ukingoja. Katika miaka ya njaa kuu ya 1984 na 1985 sehemu nyingi za enseti zilisalimika kuliko nchi za nafaka za kaskazini. Hata hivyo Wolayta haikusalimika. Dessalegn Rahmato, aliyechunguza jambo hilo katika makala ya mwaka 1995, alionyesha jinsi kinga hiyo inavyovunjika: ardhi hugawanywa mpaka ikawa vipande, ng'ombe hupungua na samadi pamoja nao, na watu wenye shida hukata enseti changa kabla ya wakati wake. Aliyekula mmea wa miaka miwili leo amekula pia chakula cha miaka minne ijayo. Enseti huikinga njaa ya mwaka mmoja. Umaskini wa kizazi kizima haiuwezi.

Adui mwingine ni maradhi. Mwaka 1968 Dagnachew Yirgou na J. F. Bradbury walieleza bakteria inyaushayo enseti, na mwaka 1974 ilielezwa kuwa imeingia katika migomba ya ndizi ya Ethiopia. Mwaka 2001 mnyauko huo ulionekana Uganda, na katika miaka michache ukaenea mpaka mashariki mwa Congo, Rwanda, Burundi, Kenya na Kagera katika Tanzania, ukichukuliwa na visu, miche na wadudu. Wakulima wa Bukoba ambao hawajapata kusikia jina la enseti walipata hivyo sehemu katika msiba wake. Dawa ya kuuponya mmea uliokwisha kuambukizwa haipo. Ila miongoni mwa aina zilizojaribiwa, moja ya zilizostahimili zaidi ni Maziya, ijulikanayo na wakulima wa Wolayta. Wataalamu hawakuiumba aina hiyo. Waliikuta ina jina tayari, na wangepata taabu kuitafuta kama jina lingalikuwa limesahauliwa.

Elimu ya enseti imekua tangu katikati ya karne ya 20. Mfini Helmer Smeds aliandika mwaka 1955 juu ya wakulima wa mashariki mwa Sidamo; mwaka 1966 William Shack alitoa kitabu chake juu ya Wagurage, na mwaka huo huo Taye Bezuneh na Asrat Felleke walieleza kilimo cha mmea na matumizi yake. Kituo cha utafiti cha Areka, huko Wolayta, kimekusanya mamia ya aina katika shamba lake. Heshima nayo imeanza kurejea: mwaka 2015 UNESCO iliiandikisha sikukuu ya mwaka mpya ya Wasidama, Fichee-Chambalaalla, ambayo chakula chake, buurisame, hupikwa kwa enseti, maziwa na siagi. Na mwaka 2022 wataalamu wa Ethiopia na Uingereza walitoa rai kwamba enseti ingeweza kulimwa nje ya nchi yake, hata Kenya, Uganda na Rwanda, ikawa akiba ya mamilioni ya watu katika majira yaliyobadilika.

Rai hiyo ni njema, lakini historia iliyoelezwa hapa yaiwekea sharti. Enseti ya mwitu imekuwako katika milima ya Afrika ya Mashariki siku zote, na haikuwa chakula kikuu cha watu wa huko, kwa sababu mmea ulikuwapo pasipo maarifa yake. Kujua wakati wa kukata, namna ya kutoboa tunguu, muda wa kuchachua, na aina ipi ni ya nini: hayo yamo katika maneno ya wanawake wazee wa Sidama, Gurage na Wolayta, na maneno hayo hayajaandikwa yote. Shamba la Areka laweza kuhifadhi mimea, lakini haliwezi peke yake kuhifadhi sababu za majina yake. Kila aina iachwayo kwa ajili ya mahindi au mkaratusi huondoka na neno, na neno likiondoka hakuna tena awezaye kuiulizia. Mche utakaovushwa mpaka bila jina lake, na bila mikono iliyoujua, utakuwa huku kama ulivyokuwa siku zote: mgomba tu, usioliwa ndizi.